Tuliache Jina Liseme kwa Lugha Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nyegezi, Mwanza)



Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka niseme juu ya jambo lolote lenye manufaa, mradi nisizidi nusu saa na nisiwafanye wazee wasinzie baada ya chakula. Nimechagua kusema juu ya majina ya mahali, na hasa juu ya swali moja: jina la mtaa likivuka mpaka wa lugha, yafaa litafsiriwe au liachwe kama lilivyo?

Sikulichagua swali hili kwa kupenda mabishano. Wote mmeiona ajenda ya kikao chetu cha kesho. Fungu la mwisho linahusu kibao. Tumechanga fedha za kutengeneza barabara ile itokayo langoni hadi bwaloni, yenye miembe pande zote mbili, na kamati inataka kibao kisimamishwe langoni chenye jina la barabara. Mapendekezo mawili yamekwisha kuandikwa. La kwanza ni Alumni Avenue. La pili ni Mango Avenue. Lakini kila aliyepita hapa anajua kwamba barabara ile ina jina tayari. Sisi tuliiita Miembeni, waliotutangulia waliiita Miembeni, na jana jioni nimemsikia kijana wa kidato cha pili akimwambia mwenzake, "Nisubiri pale Miembeni." Kwa hiyo kesho hatutoi jina. Kesho tunaamua kama jina lililopo litaandikwa au litafunikwa.

Nawaomba kwanza twende mbali, hadi Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Katikati ya mji ule pana njia pana na maarufu iitwayo Unter den Linden. Urefu wake ni kama kilometa moja na nusu, na mwisho wake wa magharibi ni lile Lango la Brandenburg. Mwaka 1647 mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, aliamuru ipandwe miti kando ya njia iliyotoka kwenye jumba lake kuelekea msitu wake wa kuwindia. Miti ile kwa Kijerumani huitwa Linden. Basi jina la mtaa, likifasiriwa neno kwa neno, ni "Chini ya Milinden", na maana yake si zaidi ya hiyo. Wala hakuna shujaa aliyetajwa ndani yake, wala vita, wala mfalme. Ni watu waliopita kivulini wakataja kivuli.

Sasa Mwingereza akiandika habari za Berlin kwa Kiingereza, auitaje mtaa huo? Ninyi vijana mnaosoma Kiingereza mtajibu upesi kwamba maneno yote matatu yanatafsirika. Hata hivyo Mwingereza hatafsiri. Ramani zake, vitabu vyake vya wasafiri na magazeti yake huandika Unter den Linden vile vile. Wapo waliojaribu kuita "Under the Limes", na hapo wakakutana na kichekesho, kwa sababu mti ule huko Uingereza huitwa kwa neno lile lile linalotumika kwa ndimu. Msomaji angedhani Wajerumani wametembea miaka mingi chini ya midimu. Lakini hiyo si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba tafsiri haimfikishi mtu anakokwenda. Ukisimama Berlin ukamwuliza dereva wa teksi akupeleke "Under the Limes", atakutazama tu. Kazi ya kwanza ya jina la mahali ni kumfikisha mtu mahali.

Lipo pia jambo la sarufi ambalo walimu wa lugha watalifurahia. Jina lile la Kijerumani limeanza na neno lenye maana ya "chini ya". Mwingereza akitaka kusema jambo lilitokea mtaani pale, hana budi aongeze neno lake la mahali juu ya neno la Kijerumani, ikawa kama kusema "katika chini ya milinden". Masikio yake hayaudhiki, maana kwake jina lote limekwisha kuwa kitu kimoja. Sisi Waswahili twalijua jambo hili vizuri kuliko yeye. Mtu akitoka hapa Nyegezi kwenda mjini kwa Barabara ya Kenyatta atapita Butimba, kisha atafika Mkuyuni. Jina hilo ni mti, mkuyu, likaongezwa "ni" ya mahali. Husemi "naenda kwenye Mkuyuni"; wasema "naenda Mkuyuni", na sarufi imekwisha ndani ya jina. Lakini mgeni anayeandika kwa Kiingereza ataongeza neno lake la mahali mbele ya Mkuyuni bila kujua kwamba limo tayari. Kwa hiyo Mkuyuni na Unter den Linden ni ndugu. Moja lilizaliwa Berlin, moja lilizaliwa Mwanza, na yote mawili ni mti pamoja na mahali pa kusimama. Ndugu zao wamejaa nchini: Mbuyuni ziko nyingi hazihesabiki, Mikocheni iko Dar es Salaam, Miembeni na Mkunazini ziko Unguja.

Hadi hapa mtadhani Mwingereza ni mtu mwenye adabu kwa majina ya wenzake. Sasa turudi nyumbani.

Wajerumani walipokuwa watawala wa Tanganyika waliufanya mji wa Dar es Salaam kuwa makao yao, wakapima mitaa, wakapanda miti. Mtaa mmoja mkubwa wakauita Unter den Akazien, yaani "Chini ya Migunga". Aliyewahi kufika Berlin alitambua mara moja jina lile limetoka wapi. Walikuwa wameichukua njia ile ya kwao, wakabadilisha mti tu. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, na mwaka 1916 Waingereza wakaingia Dar es Salaam. Je, waliliacha jina la Kijerumani kama walivyoliacha lile la Berlin? La hasha. Waliliandika upya kwa lugha yao, likawa Acacia Avenue.

Hapa ndipo naomba vijana mtege masikio. Ni Mwingereza yule yule, na muundo wa jina ni ule ule wa Kijerumani, mti badala ya mti. Berlin aliliacha, Dar es Salaam akalitafsiri. Sarufi haiwezi kueleza tofauti hiyo. Tofauti ni kwamba Berlin alikuwa mgeni na Dar es Salaam alijihesabu kuwa mwenye nyumba. Mgeni huuliza njia kwa jina alilolikuta, bali anayejihesabu mwenye nyumba hubandika jina alitakalo. Kwa hiyo ukitaka kujua nani alikuwa na amri katika mji wakati fulani, usitazame bendera tu. Tazama vibao vya mitaa na uulize vimeandikwa kwa lugha ya nani.

Na angalieni nani hakuulizwa. Mgunga una jina la Kiswahili tangu kale. Kama mtaa ule ungepewa jina kwa desturi ya watu wa pwani ungeitwa Migungani, neno moja tu, fupi kuliko la Mjerumani na kuliko la Mwingereza. Jina hilo halikuandikwa kibaoni, wala na yule wa kwanza wala na yule wa pili.

Mwaka 1961 tulipata uhuru, na mtaa ule ukaitwa Independence Avenue. Jina lilikuwa jema kwa maana yake, lakini tazama lugha yake. Wakati huo huo, upande wa pili wa mji, mtaa uliokuwa ukiitwa Kichwele ukapewa jina la Uhuru. Basi Dar es Salaam ikawa na mitaa miwili yenye maana moja, mmoja kwa Kiingereza na mmoja kwa Kiswahili. Fikirini taabu ya tarishi anayepewa barua na mtu mwenye bidii ya kutafsiri! Barua ya Independence Avenue ingepelekwa Kariakoo, na ya Mtaa wa Uhuru ingeishia kwenye maduka makubwa ya mjini.

Lakini jambo hilo lina uzito kuliko kichekesho. Tangu enzi za ukoloni Dar es Salaam iligawanywa maeneo matatu, la Wazungu, la biashara la Wahindi, na la Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenga eneo la Waafrika na yale mengine. Independence Avenue ilikuwa upande mmoja wa Mnazi Mmoja, na Uhuru ulikuwa upande wa pili. Uhuru ni mmoja, ila ulitajwa kwa Kiingereza pale palipokuwa pa wakubwa, na kwa Kiswahili pale palipokuwa pa wananchi. Mkoloni alikwisha kuondoka, lakini mpaka wake ulibaki umeandikwa kwenye vibao kwa lugha mbili. Baadaye Independence Avenue ikaitwa kwa jina la Samora Machel, mpigania uhuru wa Msumbiji, na hadi leo ni Samora. Jina la mtu halitafsiriki, nalo lasemeka sawasawa na mwenye duka, na mchukuzi, na mgeni. Huko Maputo nako wenzetu wana Avenida Julius Nyerere, na hakuna Mtanzania aliyekwenda kule akadai neno la Kireno liondolewe.

Ndugu zangu, nikitazama historia yetu naona jina la kigeni likifika kwetu hukutana na moja ya mambo manne. Ama hufutwa, ama hutafsiriwa, ama huachwa, ama humezwa. Niruhusuni nitoe mfano wa kila moja.

Yaliyofutwa ni mengi. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm. Tukuyu iliitwa Neu Langenburg. Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, iliitwa Bismarckburg. Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, iliitwa Sphinxhafen. Majina hayo yaliandikwa katika ramani zote za wakati wake kwa wino mzito, na leo kijana wa Tukuyu akiulizwa Neu Langenburg iko wapi atadhani ni Ulaya. Meli iliyoitwa Graf von Götzen nayo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 karibu na Kigoma, Waingereza wakaiinua, na ilipoanza kazi tena mwaka 1927 iliitwa Liemba, ambalo ni jina la kienyeji la ziwa lile. Kwa mara moja Mwingereza aliokota jina sahihi.

Lililobadilishwa kwa heshima kuliko yote liko juu kabisa. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni mwa Kilimanjaro, akakiita kilele kile kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha Mwenge wa Uhuru pale, na kilele kikawa Uhuru. Sasa sikilizeni Waingereza, Wamarekani na Wajerumani wenyewe wanapoeleza safari zao za mlimani. Wanasema "Uhuru Peak". Neno la kueleza aina ya mahali wamelitia kwa lugha yao, jambo ambalo ni halali, nasi twasema Kilele cha Uhuru. Lakini jina lenyewe hawakuligusa. Maelfu ya watu wasiojua Kiswahili wamejifunza neno moja la Kiswahili kwa kupanda mlima, na neno lenyewe ni uhuru. Kama tungeliandika kwa Kiingereza mwaka ule, somo hilo lingepotea bure. Nairobi nao walifanya vivyo hivyo. Barabara iliyoitwa Princess Elizabeth Way ikawa Uhuru Highway, wala sijasikia Mwingereza aliyepotea njia kwa ajili hiyo.

Yaliyoachwa tunayo hapa hapa. Nani katika ninyi hajapiga picha mbele ya Jiwe la Bismarck? Jiwe lile lilikuwepo ziwani karne nyingi kabla mtu aitwaye Bismarck hajazaliwa. Yeye alikuwa Chansela wa Ujerumani, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 uliohusu Afrika, na hakupata kukanyaga Mwanza hata siku moja. Ziwa lenyewe nalo lilipewa jina la Victoria na Speke, alipolitazama kutoka karibu na hapa mwezi Agosti mwaka 1858. Lakini wakazi wa kando ya maji haya hawakungoja Speke. Wasukuma na jirani zao waliita Nyanza, Waganda Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Wazee wetu wakulima wa pamba wanakumbuka kwamba shirikisho la vyama vya ushirika lilipoundwa mwaka 1955 liliitwa kwa jina la Victoria, na lilipoondoka, chama kikuu kilichoshika nafasi yake hapa Mwanza kiliitwa Nyanza. Jina la kale lilikuwa halijafa. Lilikuwa limekaa kando tu.

Na yaliyomezwa? Hayo ndiyo yanayonifurahisha zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na mahali walipokaa pale Dar es Salaam pakaitwa kwa jina lao. Wananchi hawakulitafsiri jina lile, wala hawakulihifadhi. Walilitafuna likatoka Kariakoo, na leo Mwingereza mwenyewe akifika pale hatambui kwamba anasikia lugha yake. Vijana, hata neno mnalolitaja kila asubuhi, neno shule, ni la Kijerumani lililomezwa. Na hela mnazowaomba wazazi wenu zilitokana na heller, senti ya rupia ya Wajerumani. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nachukia kila neno lililotoka ng'ambo. Lugha yenye afya hula vingi. Ninachokataa ni kukivua kitu jina lake la nyumbani ili kukivika la kuazima.

Sasa yapo mabishano matatu ambayo nimekwisha kuyasikia leo, na ni haki yajibiwe.

Bishano la kwanza lasema: wageni na wafadhili hawataelewa maana ya Miembeni. Nami nauliza, ni wageni wangapi wanaofika Berlin wanaoelewa maana ya Unter den Linden? Hawaelewi, nao wanafika. Akitaka kujua maana atauliza, na atakayemjibu ni mwanafunzi wa shule hii, na hapo mazungumzo yameanza. Jina lililotafsiriwa halimpi mgeni cha kuuliza.

Bishano la pili ni zito zaidi. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa historia, ameniambia: "Kama wapenda majina yaachwe, basi ungewatetea Wajerumani pia. Ungetaka Unter den Akazien irudi." Naona hoja yake ina nguvu, na jibu langu ni hili. Mtaa ukiwa mikononi mwa wenyewe, jina lao ndilo la kuheshimiwa. Unter den Linden ni jina walilolitoa watu wa Berlin kwa mahali pao. Unter den Akazien halikuwa jina la watu wa Dar es Salaam. Lilikuwa kumbukumbu ya Berlin iliyobandikwa juu ya mji wa watu wengine. Majina ya namna hiyo yana nafasi yake katika vitabu vya historia, na natamani kila kijana hapa ayajue, maana asiyeyajua hawezi kusoma ramani za zamani. Lakini kujua jina ni jambo moja, na kulitundika njiani ni jambo jingine.

Wajerumani wenyewe leo wanalijua hilo. Zamani Dar es Salaam palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeuvunja upinzani wa watu wa pwani, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza waliiondoa, na tangu mwaka 1927 tunayo Sanamu ya Askari pale Samora. Sanamu ya Wissmann ilipelekwa hatimaye Hamburg, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha huko wakaiangusha katika miaka ya 1960. Lakini jina lake lilibaki katika mtaa mmoja wa Berlin, eneo la Neukölln, hadi mwaka 2021, ambapo mtaa ule ulipewa jina la Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuingia katika safu ya mawaziri. Tena mwezi Agosti mwaka 2024, mtaa wa Berlin uliokuwa na jina la Carl Peters ulibadilishwa, na sehemu yake moja ikaitwa Maji-Maji-Allee, kwa kuwakumbuka wazee wetu wa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Tazameni walivyoandika. "Maji Maji" ni yetu, na neno la mwisho, la kueleza aina ya mtaa, ni lao. Hawakutafsiri. Kama wangetafsiri, wapita njia wangedhani ni mtaa wa mabomba. Mjerumani wa Berlin leo anatamka Kiswahili akienda nyumbani kwake. Je, sisi wa Nyegezi tuone haya kukitamka tukienda bwaloni?

Bishano la tatu lasema: jambo lenyewe ni dogo, tuna madarasa yanayovuja na maktaba yenye vitabu vichache, kwa nini tupoteze muda kwa kibao? Nakubali kwamba paa ni kubwa kuliko kibao. Lakini kibao kitawekwa kwa vyovyote, na kibao chenye jina zuri hakigharimu zaidi ya kibao chenye jina baya. Aidha, kazi yangu serikalini imenifunza kwamba mambo haya hayarudi nyuma kwa urahisi. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi, nchi nzima ilifanya Operesheni ya Anwani za Makazi, nami nilikuwa mmoja wa waliokaa katika mikutano ya mitaa kuandikisha majina ya njia. Niliona mambo mawili. Njia ambayo wazee walisema jina lake, tuliliandika mle mle, iwe ni jina la mti, la kisima, au la mama aliyeuza vitumbua pale miaka thelathini. Njia ambayo hakuna aliyesema neno ilipewa jina lolote lililomjia mtu kinywani wakati ule, na siku hiyo hiyo likaingia katika daftari na katika kompyuta. Leo jina hilo ndilo anwani ya watu, liko katika hati zao na barua zao. Kimya cha nusu saa kimekuwa jina la kudumu. Ndiyo maana sitaki tukae kimya kesho.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa mapendekezo matatu.

Kwanza, kibao kiandikwe MIEMBENI, neno hilo moja. Tusiandike Barabara ya Miembeni, wala Miembeni Road, kwa sababu "ni" ya mwisho imekwisha kusema ni mahali. Watakaoandika juu ya shule yetu kwa Kiingereza, katika gazeti letu hili au kwingineko, waliandike vivyo hivyo bila kulitafsiri, kama wanavyoandika Unter den Linden.

Pili, jina liende pamoja na kitu chenyewe. Katika miaka ya 1930 utawala wa Hitler ulikata milinden ya Berlin ili kuchimba njia ya reli chini ya ardhi, ukasimamisha nguzo mahali pake, na watu wakaona haya kutembea katika mtaa ulioitwa Chini ya Milinden usio na milinden. Miti ilibidi ipandwe tena. Miembe yetu ni mizee. Nimeihesabu asubuhi, na minne imekwisha kukauka. Yafaa kila kidato cha nne, kabla ya kuondoka, kipande mwembe mmoja na kuutunza mwaka mzima, maana Miembeni isiyo na miembe itakuwa uongo ulioandikwa kwa rangi nzuri.

Tatu, na hili ni la vijana. Hapa shuleni na katika vijiji na mitaa ya jirani, kila jiwe, kila ghuba na kila kijito kina jina la Kisukuma au la Kiswahili, na mengi hayajaandikwa popote. Waulizeni wavuvi. Waulizeni bibi zenu. Chukueni daftari moja la maktaba, andikeni jina, maana yake, na aliyewaambia. Msingoje operesheni nyingine ije ndipo mkumbuke. Na lile jiwe kubwa la bandarini, tafuteni mzee atakayewaambia baba zake waliliitaje kabla ya Bismarck. Mkilipata, nitalipia kwa furaha kibao cha pili.

Ndugu zangu, miaka mingi iliyopita tulikimbia katika barabara ile tukiwahi kengele, tukaokota maembe mabichi tukala na chumvi, na hakuna aliyetufundisha kuiita Miembeni. Tulilikuta jina likitungoja. Naomba wanaokuja walikute pia.